Tukishapata Jibu, Halafu?

Mzee wa Reli aligeuza uso ukutani alipoona kijiti cha pamba mkononi mwangu.

"Mkinipima mtanifungia," alisema.

Sista akacheka kile kicheko cha kufunika jambo. "Mzee, huyu ni Daktari wetu. Hafungii mtu." Mimi si daktari. Nafanya kazi maabara kwenye kliniki moja ya mjini, ila huku kwetu ukishavaa koti jeupe umekuwa daktari, utake usitake. Nilikuwa nimeshakitoa kijiti kwenye pakiti, na kikishatolewa hakirudi. Nikakitia kwenye kopo la taka, nikasogea kitanda kinachofuata.

Ilikuwa kazi ya kujitolea ya asubuhi moja tu. Shangazi yangu anaishi katika nyumba ile ya wazee, si mbali na barabara ya Malaba, mji wa Uganda mpakani na Kenya. Sanduku la vipimo lilikuwa limefika kutoka kwa mfadhili, na pale hakuna aliyekuwa na uhakika wa kuvitumia. Ni vipimo vya papo hapo, vya korona na homa ya mafua aina A na B, vyote kwenye kikaseti kimoja. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa inakaribia, kama ilivyo ada ya misaada.

Nilimaliza, nikaandika majibu kwenye daftari, nikanywa chai, nikaenda zangu. Lakini neno la yule mzee nilikwenda nalo. Wiki zikapita, bado nalitafuna.

Maana alikuwa anasema kweli. Mwaka 2021 alipimwa, akaonekana ana korona, akahamishiwa kachumba kalicho kando ya stoo ya mkaa. Sahani iliachwa mlangoni, anayeileta akarudi mbio. Kifua chake kilipona upesi. Ruhusa ya kutoka ndiyo iliyochelewa.

## Si malaria. Haya, ni nini?

Mtu yeyote aliyekulia Uganda anakijua kipimo cha malaria cha papo hapo. Tone la damu kutoka kidoleni, matone ya ile dawa, kusubiri kidogo, kusoma mistari. Wahudumu wa afya wa vijijini, hawa tunaowaita VHT, wanatembea navyo kwenye mikoba. Kimeokoa watu wengi, na siwezi kukisema vibaya.

Ila kimetuzoesha kuuliza swali moja. Mzee ana joto, anapimwa malaria. Hana. Basi anaandikiwa antibayotiki, "isije ikawa kifua," na daftari linafungwa.

Niliomba kuliona daftari la dawa la pale. Amoksilini, amoksilini, amoksilini, hasa miezi ya mvua. Sikushangaa. Mvua ikianza, madirisha yanafungwa, watu wanasogeleana, na kikohozi kinachoanzia kitanda cha mlangoni kinatembea hadi kile cha pembeni kabisa. Huku kwetu virusi vya mafua havingojei baridi ya Desemba kama Ulaya. Vinazunguka mwaka mzima, vikizidi kwenye misimu ya mvua. Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyopo Entebbe, UVRI, imekuwa ikivifuatilia kwa miaka mingi kwa sampuli zinazotoka kwenye hospitali na vituo vilivyochaguliwa. Kwa hiyo nchi inajua. Sista ndiye asiyejua. Sampuli iliyokwenda Entebbe haiwezi kurudi na jibu kabla ya chakula cha jioni, na hata haikupelekwa kwa ajili hiyo.

Ndiyo maana wazo la kupimia pale pale kitandani linavutia, na wala si wazo la kigeni tu. Mwaka 2021 watafiti wa Makerere wakiongozwa na Dkt. Misaki Wayengera walizindua kipimo chao cha papo hapo cha korona, STDS-AgX. Tulikuwa tumeshachoka na foleni za malori pale Malaba, madereva wakilala barabarani siku kadhaa kungoja majibu ya maabara. Aliyeziona foleni zile haelezwi tena faida ya jibu la dakika 15.

Na kabla hamjaniandikia: ndiyo, kifua kikuu. Mzee wa Uganda mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe kohozi, hata kama kikaseti kimesema nini juu ya mafua. Hilo halina mjadala. Hata mashine za GeneXpert zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu zilitumika kupimia korona, na zipo katriji zake zinazotambua korona, mafua na RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa, kwa mkupuo mmoja, kwa uhakika kuliko kikaseti. Lakini katriji ina bei yake, na mashine haipo kwenye nyumba ya wazee. Iko hospitali, na mzee lazima apandishwe gari.

## Kikaseti kinavyokosea

Kazi yangu ni vipimo, kwa hiyo hapa mnivumilie.

Ndani ya kile kiplastiki mna utepe. Majimaji ya puani yakitiririka juu yake yanakutana na kingamwili zilizopakwa rangi, na kama kirusi kipo, hunaswa kwenye mstari wa T. Mstari wa C unatuambia tu kwamba majimaji yamefika mwisho. Hakuna kinachozidishwa mle ndani kama inavyofanya PCR, kile kipimo cha mashine za maabara. Kirusi kikiwa kichache, mstari hautokei, na mgonjwa anaambiwa hana.

Kwa korona, Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini kabisa: kipimo kinase angalau watu 80 kati ya 100 wenye kirusi, na kisiwasingizie zaidi ya watatu kati ya 100 wasio nacho. Vipimo vya aina hii kwa homa ya mafua vilizoea kuwa dhaifu zaidi, 50 hadi 70 kati ya 100. Kwa RSV ni afadhali kwa watoto wachanga, ambao pua zao zimejaa virusi. Kwa watu wazima, utepe mara nyingi hauoni kitu. Na mzee ndiye mtu mgumu kuliko wote: virusi puani ni vichache, na siku anayopimwa mara nyingi ugonjwa umeshakaa naye.

Kwa hiyo "hana" maana yake ni "hatujakiona". Nimemwandikia Sista karatasi, ipo ukutani ofisini: mwenye dalili akionekana hana, anahesabiwa anaweza kuambukiza, na anapimwa tena baada ya saa 48.

Hilo wengi wanalijua siku hizi. Linalosahaulika ni lile la watatu. Ukiamua kupima watu 100 wazima kabisa, wiki ambayo hakuna anayeumwa, kwa kipimo cha kiwango hicho cha chini, unaweza kupata watatu "wenye" korona ambao hawana korona. Kwenye ripoti ya mfadhili hao ni asilimia ndogo. Kwenye nyumba ya wazee ni watu watatu wanaopelekwa kukaa kando ya stoo ya mkaa bure.

Nilipoipiga hesabu hiyo nikaanza kumwelewa Mzee wa Reli vizuri zaidi.

(Jambo dogo la kiufundi, kwa yeyote mwenye sanduku kama hili: vingi vinataka kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 30. Letu lilikuwa stoo, chini ya mabati. Saa nane mchana mle ndani ni tanuri. Sasa liko sakafuni chini ya meza ya Sista. Na usiache kikaseti mezani ukaenda kwenye misa ukarudi kukisoma. Muda ukipita, mstari hafifu huweza kujitokea wenyewe, ukamtia mtu hatiani.)

## Vikombe vya uji

Nani apimwe? Vitabu vinasema mwenye joto na kikohozi. Ukikaa na wazee unagundua kwamba vitabu hivyo viliandikwa vikiwawaza vijana.

Mzee wa miaka 80 anaweza kuwa na homa ya mafua kamili na mwili usipande joto. Kikohozi anacho tangu zamani, cha moshi wa kuni na vumbi la barabara, hakuna anayekisikia tena. Kinachobadilika ni kitu kingine: anaanguka akienda chooni. Anamwita mjukuu kwa jina la marehemu mume wake. Hataki kula.

Pale kuna mama anayepika, wote tunamwita Mama Jikoni. Saa nne anapita kukusanya vikombe vya uji, na kabla ya kukitia kikombe kwenye beseni anakiinamisha, anatazama ndani. Hakufundishwa na mtu. Nilikuwa nimesimama mlangoni aliposema, bila kumlenga yeyote, "Huyu bibi ameacha nusu leo tena."

Bibi mwenyewe alikuwa shangazi yangu.

Hakuwa na joto. Hakuwa anakohoa. Nilipomuuliza anajisikiaje alisema yuko sawa, ni uji tu hauna sukari. Uji ulikuwa na sukari. Nilimpima zaidi kwa sababu ni shangazi yangu kuliko kwa sababu ya utaalamu wowote, na mstari ulitokea kabla hata muda haujafika: mafua, aina A. Kikohozi kilianza kesho yake.

Tangu hapo daftari la jikoni lina safu ya uji. Amemaliza, nusu, hakugusa. Aliyeacha siku mbili mfululizo anatazamwa, anapimwa malaria, na akikubali anapimwa mafua na korona. Nakiri kwamba hakuna mwongozo wa wizara niliousoma unaotaja vikombe.

Wiki hiyo hiyo mzee mwingine alionekana hana chochote. Malaria hana, mafua hana, korona hana, tena mara mbili. Lakini kile kifaa cha kubana kidoleni kilionyesha oksijeni inashuka, na alikuwa anapumua kwa mabega. Mlezi mmoja aliniuliza kama tusubiri kipimo cha tatu. Gari liliitwa wakati ule ule. Hospitali walimkuta na nimonia ya bakteria, na huyo antibayotiki zilimfaa kweli.

## Wenzetu wana kabati la dawa

Sasa nije kwenye shaka yangu kubwa.

Marekani, mwongozo wa CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, uko wazi. Wakiugua wakazi wawili ndani ya saa 72, na mmoja akathibitishwa kuwa na homa ya mafua, huo ni mlipuko. Wagonjwa wanaanzishiwa oseltamivir, dawa ya virusi vya mafua, mara moja, maana dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili. Na wazima wa sehemu hiyo wanapewa pia, ya kuzuia, kwa wiki mbili au zaidi, hadi zipite siku 7 tangu mgonjwa wa mwisho. Kwenye jimbo la Wisconsin walijaribu hili kwa utaratibu wa kitafiti katika nyumba 20 za wazee: upande mmoja wafanyakazi waliruhusiwa kumpima papo hapo yeyote mwenye hata dalili ndogo, upande wa pili waliendelea na mazoea. Kwenye nyumba zilizopima, dawa ya kuzuia ilitumika zaidi, na safari za kwenda chumba cha dharura na kulazwa hospitali zilipungua.

Niliusoma utafiti ule kwa wivu, na wivu ulipotulia nikaona kitu. Kilichowasaidia wale wazee si utepe. Utepe uliwafungulia kabati la dawa. Kabati lilikuwepo tayari, na chanjo ya mafua walishachomwa wengi wao kabla ya msimu.

Sisi chanjo ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya taifa. Oseltamivir, kwenye maduka ya dawa ninayoyajua mimi, ukiiulizia unaambiwa ujaribu Kampala. Sasa nikishamwambia Sista "ni aina A," afanye nini? Nilikuwa karibu kumshauri sanduku lile lipelekwe hospitali, lisituharibie usingizi.

Kilichonizuia ni ile wiki ya shangazi.

Mstari ulipotokea, hakuna aliyekimbilia dawa kwa sababu haikuwepo. Lakini Sista alifanya mambo ambayo nadhani asingeyafanya kwa "kikohozi" tu. Kitanda cha shangazi na cha jirani yake vilisogezwa hadi mwisho wa ukumbi, penye dirisha, na dirisha likafunguliwa mvua isiponyesha, wabaridi wakaongezewa blanketi. Rozari ya jioni ikahamia nje chini ya mwembe, wakilalamika mbu. Mlezi mmoja akapangiwa upande ule peke yake, asivuke kwenda kwa wanaume. Ndugu waliokuwa waje Jumapili wakapigiwa simu. Na lililonifurahisha zaidi kama mtu wa maabara: waliokohoa baada yake, wakapimwa na kuonekana na aina A ile ile, hawakuandikiwa amoksilini ya "isije ikawa". Waliangaliwa maji wanayokunywa na oksijeni yao, asubuhi na jioni.

Waliugua kadhaa. Hawakuugua wote. Siwezi kuapa kwamba ni kipimo kilichofanya hivyo. Labda kirusi kingeishia hapo hapo chenyewe. Lakini jibu lilikuwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo iliwezekana kwa vitu vilivyokuwepo pale. Hapo ndipo shaka yangu ilipogeuka. Nilikuwa nauliza kama kipimo kina maana bila dawa. Nilipaswa kuketi na Sista, kabla pakiti haijafunguliwa, tuulizane saa moja baada ya jibu nani atahamia wapi na nani atamhudumia.

## Masharti ya Mzee wa Reli

Nilirudi kwake bila kijiti. Nilimkuta na redio yake, amekaa kitako kitandani. Alifanya kazi reli ile ya zamani, ya Afrika Mashariki nzima, mpaka ilipovunjika mwaka 1977, na Kiswahili chake bado kina harufu ya stesheni za Kenya. Wengi pale wana lugha zao za nyumbani, Kijopadhola, Kiteso, Kisamia, lakini wakitaka kubishana vizuri wanakuja kwenye Kiswahili, na hapo hakuna anayemuweza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja mikono mitupu."

Nikamuuliza, kama angepimwa na kuonekana nacho, angetaka iweje. Hakufikiri sana. Nadhani alikuwa na jibu tangu 2021. Asihamishiwe mahali pasipo dirisha. Redio aende nayo. Mtu aje kukaa naye, hata akikaa mlangoni na barakoa yake, asiachiwe sahani kama mbwa. Na aambiwe siku ya kutoka, siku ile ile anapoingia.

"Hata mfungwa," alisema, "anajua tarehe yake."

Hayo manne sasa yameandikwa chini ya ile karatasi yangu ya saa 48. Kachumba ka mkaa kamerudi kuwa ka mkaa. Sista alitaka tuongeze kwamba atakayekataa kupimwa atahesabiwa kuwa anacho. Kwa mwenye dalili nakubali, kwa sababu hata aliyepimwa akaonekana hana tunamhesabu hivyo hivyo. Kwa asiye na dalili nilikataa, na tulibishana kidogo, kwa heshima. Kipimo anachopewa mtu kwa vitisho hakina tofauti na kumshika kichwa.

Bado sina jibu kwa wale waliopotewa na kumbukumbu, wasioweza kukubali wala kukataa. Mmoja wao hulia kila akiona glavu. Kwa sasa hatumpimi. Tunasoma kikombe chake cha uji na kidole chake, tunakisia.

Mzee wa Reli mwenyewe alisema atafikiria.

## Wanaoingia getini

Katika mabishano yote haya kulikuwa na kitu kinachochekesha kidogo. Wazee hawa hawaendi popote. Wengine hawajavuka geti tangu Pasaka iliyopita. Sasa kirusi kinakujaje?

Kinakuja na sisi. Kinapanda bodaboda asubuhi na mlezi ambaye mtoto wake kaleta mafua kutoka shuleni. Kinakuja na mimi na koti langu jeupe.

Mwanzoni mwa 2020, katika nyumba moja ya wazee kwenye jimbo la Washington, Marekani, walipima wakazi bila kungoja dalili. Kati ya 48 waliokutwa na korona, 27 hawakuwa na dalili yoyote siku ya kupimwa. Wengi wao waliugua siku zilizofuata. Hao walikuwa wazee, lakini mlezi wa miaka 25 mwenye mapafu mazima ana nafasi kubwa zaidi ya kutembea nacho bila kujua, au kujua na kukiita "mafua tu". Kwa hiyo mimi ningeanzia vipimo getini, siku ambazo mafua yamechachamaa mjini, kwa yeyote anayekuja kazini na pua inayotiririka.

Nililisema hilo kwenye kikao cha wafanyakazi. Walezi wakanyamaza. Ule ukimya wa heshima ambao kila mtu hapa kwetu anaujua.

Baadaye mmoja alinisindikiza hadi getini. "Daktari," akasema, "nikionekana nacho nirudi nyumbani, zile siku nalipwa?"

Wanalipwa kwa siku.

Nilienda kusoma, maana nilihisi lazima kuna mtu aliyewahi kuliuliza hili kabla yetu. Yupo. Uingereza, mwaka 2020, kwenye utafiti uitwao Vivaldi, waliwahoji mameneja wa nyumba zaidi ya 5,000 za wazee. Nyumba zilizowalipa wafanyakazi wao wakiwa wagonjwa zilikuwa na maambukizi machache kuliko zile zisizowalipa. Na zilizotegemea vibarua wa kuzunguka zilikuwa na hali mbaya zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi sababu, najua. Lakini mtu aliyewahi kwenda kazini na homa kwa kuogopa kukosa hela ya posho hahitaji takwimu.

Ndipo nikaenda kwenye kamati na pendekezo ambalo halina uhusiano na maabara: vipimo vikiisha, tusimwombe mfadhili sanduku jingine kabla ya kupata mfuko wa kuwalipa walezi siku za ugonjwa. Mweka hazina alinitazama kwa huruma. Mfadhili, akasema, anatoa kitu chenye nembo, apige nacho picha. Nani atapiga picha na mlezi aliyelala nyumbani kwake? Na ndani hamna kitu. Wazee waliotimiza miaka 80 wanapata ile posho ya wazee ya SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi kutoka serikalini, nayo wengine wanachangia sabuni. Huwezi kuigusa hiyo.

Lakini hakukataa moja kwa moja. Alipiga hesabu nyuma ya bahasha, akaona kwamba siku chache za mlezi mmoja si ghali kuliko gari la kumpeleka mzee hospitali usiku. Akasema labda kwenye fedha za mazao ya shamba. Kisha akauliza swali la mweka hazina: tutajuaje kwamba mtu anaumwa kweli, hakuenda msibani?

"Kwani vipimo si vipo?" akajijibu mwenyewe. Mwenye mistari miwili alipwe. Asiye nayo aje kazini.

Habari ilifika jikoni kabla ya kikao kwisha. Walezi wale wale walioninyamazia wakaanza kuuliza vipimo vimebaki vingapi na kama vya asubuhi vinaonyesha vizuri kuliko vya jioni.

Na mimi, niliyekuwa navitetea, nikajikuta navipinga. Kikaseti kinachokosa watu 20 kati ya 100 kwa korona, na wengi zaidi kwa mafua, kitamrudisha mlezi mgonjwa ukumbini akiwa na cheti cha uzima. Tena kitamnyima haki yake ya siku ile. Mimi nataka dalili zitoshe: pua inatiririka, mwili unauma, lala nyumbani, lipwa, kipimo kitumike kuamua arudi lini, na kujua ni kirusi gani kimeingia. Mweka hazina anasema huo ni mlango wazi kwa wavivu. Nimempa zile namba za Shirika la Afya Duniani kwenye karatasi, amezikunja akaziweka mfukoni. Kikao kingine ni mwezi ujao.